Mali Bila Daftari: Ufa wa Struts na Wizi wa Taarifa za Equifax, 2017

Utangulizi

Tarehe 7 Machi 2017, shirika la programu huria la Apache lilitangaza kwamba Struts, kiunzi chake cha kujengea tovuti, kilikuwa na udhaifu mkubwa wa kiusalama. Dawa ilitolewa pamoja na tangazo: toleo jipya, bila malipo, kwa yeyote aliyetaka kulipakua. Siku 67 baadaye, tarehe 13 Mei, wadukuzi walianza kuchota taarifa katika kompyuta za kampuni ya Equifax ya Marekani kwa kupitia udhaifu huohuo. Walipogunduliwa mwishoni mwa Julai, walikuwa wamekwisha kuchukua taarifa za Wamarekani wapatao milioni 147.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya uzembe. Msomaji wa Kiswahili ana methali yake tayari: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba haitoshi kuyaeleza yaliyotokea. Methali ya ufa inamchukulia mwenye nyumba kuwa ameuona ufa, akapuuza. Equifax ilitangaziwa ufa, ikawaandikia watu wake zaidi ya 400 kwamba uzibwe, ikautafuta, na bado haikujua uko katika ukuta gani. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba methali inayolifaa zaidi tukio hili ni ile ya wafanyabiashara: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nitaanza kwa kueleza jinsi tovuti zilivyofikia kujengwa kwa vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine. Kisha nitatazama matukio mawili yaliyotangulia, yale ya 2013 na 2014, ndipo niingie katika mwaka 2017 wenyewe. Baada ya hapo nitajadili swali la nani wa kulaumiwa, nijibu pingamizi moja lenye uzito, na mwisho nieleze linatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki.

Kiunzi na vitegemewa

Katika miaka ya mwanzo ya intaneti, aliyetaka kujenga tovuti yenye kupokea fomu, kuhifadhi majina na kutambua nywila aliandika karibu kila kitu mwenyewe. Kazi hiyo ilijirudia katika kila mradi. Ndiyo sababu vikazuka viunzi, yaani programu zilizokwisha kuandikwa ambazo mjenzi huzitumia kama nguzo na boriti za nyumba, kisha yeye akakandika udongo na kuezeka. Struts ilianzishwa mwaka 2000 na Craig McClanahan kwa lugha ya Java, na ikapokewa haraka na mabenki na serikali. Rails ilifuata mwaka 2004, Django mwaka 2005 na Laravel mwaka 2011.

Kiunzi nacho hakisimami peke yake. Ndani yake kuna vipande vingine: kimoja cha kusoma tarehe, kingine cha kupokea picha, kingine cha kuandika kumbukumbu za matukio. Vipande hivyo navyo vina vipande vyao. Katika insha hii nitaviita vitegemewa, kwa kuwa programu yetu ndiyo inayotegemea, na wao ndio wanaotegemewa. Mwanafunzi anayejenga tovuti ndogo leo huandika mistari michache tu yake mwenyewe, lakini kompyuta yake hupakua mamia ya vitegemewa ambavyo hajawahi kuvisoma.

Mpango huu una faida isiyopingika. Kipande kilichoandikwa vizuri mara moja huwatumikia watu mamilioni. Lakini una upande wa pili. Kipande kikiwa na kasoro, kasoro hiyo inakuwa katika nyumba zote kwa siku moja, na siku inapotangazwa, mwenye nyumba na mwizi hupata habari kwa wakati mmoja. Toleo jipya lenyewe humfundisha mwizi, kwa sababu akililinganisha na la zamani ataona ni mistari gani imebadilishwa, na hapo atajua ufa ulikuwa wapi. Tangu siku hiyo, wanaochelewa kusasisha wako katika hatari kubwa kuliko waliyokuwa nayo jana yake.

Neno letu kusasisha, lililotokana na sasa, linaeleza jambo hili vizuri. Kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Programu isiyoguswa haibaki ilivyo, bali inaachwa nyuma na wakati, kwa sababu maarifa ya watu kuihusu yanaongezeka hata kama yenyewe haikubadilika herufi moja.

Maonyo mawili: Rails 2013 na Drupal 2014

Mwaka 2017 haukuja bila maonyo. Tarehe 8 Januari 2013 wasimamizi wa Rails walitangaza kasoro iliyomwezesha mtu wa nje kutuma ujumbe ulioandikwa kwa namna fulani, na seva ikautekeleza kana kwamba ni amri ya mwenyewe. Siku iliyofuata, serikali ya Uholanzi iliuzima kwa muda mfumo wake wa DigiD, ambao wananchi huutumia kujitambulisha wanapotafuta huduma za serikali mtandaoni, mpaka ulipotiwa kiraka. Wananchi walikosa huduma kwa muda, lakini uamuzi ule ulikuwa wa busara. Jambo ninalotaka lizingatiwe ni kwamba wahusika walijua mara moja kuwa DigiD imejengwa juu ya Rails. Wasingejua hilo, wasingekuwa na la kuzima.

Onyo la pili lilihusu kasi. Tarehe 15 Oktoba 2014, wasimamizi wa Drupal, programu ya kuendeshea tovuti inayotumiwa na vyuo, magazeti na serikali nyingi, walitangaza kasoro katika sehemu inayozungumza na hifadhidata. Wiki mbili baadaye walitoa tamko la kushtua: kila tovuti ambayo haikuwa imesasishwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ichukuliwe kuwa imekwisha kuingiliwa. Mashambulizi yalikuwa yakifanywa na mashine zilizopita tovuti moja baada ya nyingine bila kuchagua.

Tuitazame saa hiyo kwa majira yetu. Tangazo lilipotoka, hapa Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa moja ya usiku. Muda wa usalama ulipokwisha ilikuwa saa nane ya usiku. Msimamizi wa tovuti wa Kampala au Dodoma aliyefunga ofisi jioni, akala, akalala, aliamka asubuhi akiwa amekwisha kuchelewa, ingawa hakuwa amezembea kazi kwa kipimo chochote cha kawaida. Kuanzia hapo ilikuwa wazi kwamba usalama wa tovuti hauwezi kutegemea mtu mmoja kukumbuka kusoma habari. Unahitaji utaratibu.

Kuanzia Machi hadi Septemba 2017

Equifax ilianzishwa Atlanta mwaka 1899 kwa jina la Retail Credit Company. Biashara yake ni kukusanya habari za watu kuhusu mikopo, yaani nani hulipa madeni na nani halipi, na kuziuza kwa wakopeshaji. Hili ni la msingi katika kuelewa uzito wa tukio. Watu ambao taarifa zao ziliibwa wengi wao hawakuwa wateja wa Equifax. Hawakufungua akaunti wala kukubali masharti yoyote kwake. Walikuwa bidhaa. Mtu asiyeridhika na benki yake anaweza kuhama, lakini hakuna Mmarekani aliyeweza kuhama Equifax.

Udhaifu wa Struts, uliopewa namba CVE-2017-5638, ulikuwa katika sehemu ya kupokea mafaili. Faili linapotumwa, huambatana na maandishi mafupi yanayoeleza ni la aina gani. Yakiwa hayaeleweki, Struts iliandaa ujumbe wa kosa na kuyanukuu ndani yake. Tatizo ni kwamba katika kuuandaa ujumbe huo, Struts iliyasoma maandishi yale kama maagizo na kuyatekeleza. Ni kama karani anayepokea bahasha yenye anwani isiyosomeka. Anapoandika ripoti kwamba anwani haisomeki, anakuta pale juu pameandikwa "fungua kabati la fedha," naye analifungua. Mshambuliaji hakuhitaji nywila. Alihitaji bahasha tu.

Mfuatano wa matukio unajulikana vizuri kutokana na ripoti za uchunguzi za Bunge la Marekani za Desemba 2018 na Machi 2019. Tarehe 8 Machi, kitengo cha serikali kinachoshughulikia usalama wa mitandao kiliituma taarifa kwa makampuni. Tarehe 9 Machi, kitengo cha usalama cha Equifax kiliwaandikia baruapepe watu zaidi ya 400 na kuagiza kila mwenye Struts aitie kiraka ndani ya saa 48. Tarehe 10 Machi, siku tatu tu baada ya tangazo, watu wa nje walikuwa wamekwisha kuugundua mlango huo katika tovuti ya Equifax na kuujaribu. Tarehe 15 Machi kampuni iliendesha programu ya kukagua mifumo yake kutafuta Struts yenye udhaifu. Ukaguzi haukuona kitu.

Struts ilikuwepo. Ilikuwa katika mfumo ulioitwa ACIS, wenye asili ya miaka ya 1970, ambao baadaye uliwekwa mtandaoni ili watu walete malalamiko kuhusu kumbukumbu zao za mikopo. Ukaguzi uliangalia saraka ya juu tu, nayo Struts ilikuwa ndani zaidi. Na msanidi aliyejua kwamba mfumo ule unatumia Struts hakuwa katika orodha ya wale 400 walioandikiwa.

Kuanzia tarehe 13 Mei wadukuzi waliweka programu zao ndani ya seva. Wakapata faili lenye nywila zilizoandikwa wazi bila kufichwa kwa namna yoyote, na kwa nywila hizo wakafikia hifadhidata 48 ambazo hazikuhusiana na malalamiko. Waliuliza maswali yapatayo 9,000 katika hifadhidata hizo, na mara 265 walipata taarifa za watu: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, namba za leseni za udereva, na namba ya hifadhi ya jamii ambayo Mmarekani hupewa mara moja na kuibeba maisha yake yote.

Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka nje, lakini cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda. Ripoti ya kamati moja ya Bunge ilisema kilikuwa kimekaa hivyo kwa miezi 19. Bila cheti, kifaa hakikuweza kusoma mawasiliano yaliyofichwa, kikayaacha yapite. Tarehe 29 Julai cheti kilipohuishwa, kifaa kiliona mawasiliano ya kutilia shaka mara moja. Kesho yake ACIS ilizimwa. Kwa hesabu ya wachunguzi, shambulio lilikuwa limedumu siku 76.

Umma uliambiwa tarehe 7 Septemba, siku 40 baada ya ugunduzi. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu milioni 143, na baadaye ikapanda hadi karibu milioni 148. Tarehe 26 Septemba mkurugenzi mkuu, Richard Smith, aliondoka kazini.

Nani wa kulaumiwa?

Tarehe 3 Oktoba 2017 Smith alifika mbele ya kamati ya Bunge. Maelezo yake yalikuwa kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu na kosa la mashine: mtu mmoja aliyepaswa kufikisha habari ya kiraka hakuifikisha, na programu ya ukaguzi haikuona udhaifu. Siku moja kabla ya hapo kampuni ilikuwa imemfukuza kazi ofisa mmoja wa ngazi ya juu kwa sababu hakuipeleka mbele baruapepe ile.

Maelezo haya yanavutia kwa sababu ni mafupi, lakini ninaona hayakubaliki, kwa sababu tatu.

Kwanza, ukaguzi wa ndani wa mwaka 2015 ulikuwa umeiambia kampuni kwamba ina mrundikano wa kasoro zaidi ya 8,500 ambazo hazijatiwa viraka. Ripoti ya Seneti inaeleza pia kwamba utaratibu wa kutia viraka ulitegemea uaminifu wa mtu. Aliyeagizwa alitarajiwa kutekeleza, na hapakuwa na njia madhubuti ya kuhakikisha kwamba ametekeleza. Kampuni ambayo usalama wa watu milioni 147 unaweza kupotea kwa mtu mmoja kutopeleka baruapepe mbele ilikuwa imeanguka kabla ya baruapepe hiyo kuandikwa.

Pili, na hili ndilo kiini cha hoja yangu, Equifax haikuwa na orodha kamili ya mifumo yake na ya programu zilizokuwa ndani ya mifumo hiyo. Kwa kukosa orodha, ililazimika kuwaandikia watu 400 ikitumaini kwamba mmoja wao atakuwa ndiye. Agizo lilisema kila mwenye Struts aisasishe, lakini hapakuwa na daftari la kuonyesha nani mwenye Struts. Kama orodha ingekuwepo, barua moja kwa mtu mmoja ingetosha, na baada ya saa 48 ingewezekana kumuuliza.

Tatu, tuna kipimo cha kulinganishia. Kampuni nyingine mbili za biashara ileile, Experian na TransUnion, zilipata habari ileile ya Machi 2017. Ripoti ya Seneti inaonyesha kwamba hizo zilikuwa na kumbukumbu za mali zao za kompyuta na zikashughulikia udhaifu wa Struts mapema. Watu wa kampuni hizo nao ni wanadamu, nao husahau baruapepe. Tofauti ilikuwa katika daftari.

Ni kweli kwamba wezi ni wezi. Mwezi Februari 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka wanajeshi wanne wa China kwa wizi huu, na China ikakanusha kuhusika. Lakini nguvu ya adui haiondoi wajibu wa mwenye ghala. Mlango waliopitia ulikuwa umetangazwa dunia nzima kwa zaidi ya miezi miwili, na mtu yeyote mwenye ujuzi wa wastani angeweza kuupita.

Pingamizi: je, kusasisha ni salama daima?

Baada ya kusoma habari hii, wengi huishia kwenye amri moja: sasisha kila kitu, mara moja, bila kuuliza. Ninaona amri hii inarahisisha mambo kupita kiasi, na historia yenyewe inaipinga.

Wasanidi huchelewa kusasisha kwa sababu zinazoeleweka. Toleo jipya la kiunzi huweza kuondoa kitu ambacho tovuti ilikitegemea, na tovuti iliyokuwa ikifanya kazi jana ikaanguka leo. Ofisi yenye msanidi mmoja na tovuti tano haiwezi kujaribu kila badiliko. Hofu hii haitokani na uvivu peke yake. Inatokana na uzoefu.

Zaidi ya hapo, toleo jipya lenyewe huweza kuwa na sumu. Mwaka 2018 mtunzaji wa kitegemewa kimoja cha JavaScript kiitwacho event-stream, kilichokuwa kikipakuliwa karibu mara milioni mbili kwa wiki, alichoka kukitunza bila malipo, akamkabidhi mtu aliyejitolea kumsaidia. Mtu huyo aliingiza ndani yake kitegemewa kingine chenye programu ya kuiba sarafu za bitcoin kutoka katika pochi ya kidijitali iitwayo Copay. Waliosasisha upesi ndio walioipokea sumu upesi. Iligunduliwa mwezi Novemba mwaka huohuo.

Je, mfano huu unabomoa hoja yangu? Ninaona unaiimarisha. Habari ya event-stream ilipotoka, swali la kila mradi lilikuwa lilelile la Machi 2017: je, tunacho? Aliyekuwa na orodha ya vitegemewa vyake na matoleo yake alijibu kwa dakika chache. Asiyekuwa nayo alianza kupekua. Kwa hiyo, awe tatizo lake ni toleo la zamani lenye ufa au toleo jipya lenye sumu, kinachomsaidia mwenye nyumba ni kujua kilichomo ndani ya nyumba yake.

Desemba 2021: mtihani wa pili

Mtihani mkubwa wa pili ulikuja tarehe 9 Desemba 2021, udhaifu wa Log4j ulipojulikana hadharani. Log4j ni kitegemewa kidogo cha Java kinachoandika kumbukumbu za matukio katika programu, nacho kimo katika programu zisizohesabika. Ukiweka maneno fulani mahali popote ambapo programu ingeyaandika katika kumbukumbu, kama vile kwenye kisanduku cha kutafutia au hata jina la mtumiaji, seva ingeweza kwenda kuchukua amri kutoka kompyuta ya mgeni na kuitekeleza. Uwezo huo uliingizwa mwaka 2013 kama huduma, ukakaa miaka minane bila kutiliwa shaka. Waliokitunza walikuwa wachache na wa kujitolea. Mwezi ule walitoa matoleo manne ya kurekebisha, 2.15.0 hadi 2.17.1, kwa kuwa kila rekebisho lilionyesha jambo jingine.

Tofauti na Struts, wengi hawakuwa wamechagua Log4j. Ilikuwa imeingia pamoja na programu waliyonunua, ndani ya kipande kilichokuwa ndani ya kipande kingine. Mwezi huohuo Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilieleza kwamba imeshambuliwa kupitia udhaifu huu. Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza suala hili ilisema mwezi Julai 2022 kwamba Log4j zenye udhaifu zitaendelea kuwepo katika mifumo kwa miaka mingi, labda kumi au zaidi. Sababu yake ni ileile: huwezi kutia kiraka kitu usichojua kwamba unacho.

Hata hivyo kati ya 2017 na 2021 mambo hayakubaki palepale. Novemba 2017, GitHub ilianza kuwaarifu wenye miradi pale vitegemewa vyao vinapokuwa na udhaifu uliotangazwa. Mwaka 2018 chombo cha npm kilipata amri ya kukagua vitegemewa vyote vya mradi kwa mara moja. Tarehe 12 Mei 2021 rais wa Marekani alitoa agizo la kiutendaji lililoelekeza kwamba wanaoiuzia serikali programu watoe orodha ya viungo vyake, kama pakiti ya chakula inavyoonyesha kilichomo. Yote haya, ukiyaangalia kwa makini, ni majina mbalimbali ya kitu kimoja ambacho Equifax ilikikosa.

Somo kwa Afrika Mashariki

Inaweza kuulizwa kwa nini mwanafunzi wa Uganda ashughulike na kampuni ya Atlanta. Jibu ni kwamba viunzi havina mipaka. Django na Laravel zinazofundishwa katika vyuo vyetu ni zilezile zinazotumika Ulaya, na mashine zilizopita tovuti za Drupal usiku ule wa 2014 hazikuuliza tovuti ni ya nchi gani. Nasi pia tumeingia katika hali ya kuwa bidhaa. Namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu iliyosajiliwa na kumbukumbu za mikopo ya simu ziko katika mifumo ambayo mwananchi hakuichagua wala hawezi kuihama.

Nchi zetu zimekwisha kutunga sheria. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya inamtaka mwenye kutunza taarifa zilizoingiliwa amwarifu kamishna ndani ya saa 72, na ya Uganda inataka mamlaka iarifiwe mara moja. Tukipima kwa vipimo hivi, siku 40 za Equifax zingekuwa kosa la wazi. Hata hivyo sheria ya kutoa taarifa hufanya kazi baada ya maji kumwagika. Kabla ya hapo ipo kazi ya kila wiki, isiyo na sifa: kufungua orodha, kulinganisha matoleo, kujaribu, kusasisha, kuandika tarehe.

Ninadhani hapa ndipo elimu yetu ina pengo. Mwanafunzi husifiwa kwa kujenga mfumo mpya. Mradi wa mwisho wa masomo huwasilishwa, hupewa alama, kisha huachwa. Mara nyingine mradi huo huchukuliwa na shule au zahanati na kuanza kutumika na watu halisi, nao hubaki na vitegemewa vya mwaka ule uliowasilishwa. Hakuna aliyemfundisha mjenzi kwamba kukabidhi mfumo bila orodha ya vilivyomo, na bila kusema nani atausasisha, ni sawa na kukabidhi nyumba bila kusema milango iko mingapi.

Hitimisho

Katika insha hii nimejaribu kuonyesha kwamba wizi wa Equifax wa mwaka 2017 haukusababishwa na kukosekana kwa dawa, kwa maana dawa ilitolewa bure tarehe 7 Machi. Haukusababishwa na kukosekana kwa agizo, kwa maana agizo lilitolewa tarehe 9 Machi. Wala kumbebesha mtu mmoja lawama hakuelezi kwa nini kampuni mbili jirani zilisalimika. Ulisababishwa na taasisi iliyokuwa tajiri wa habari za kila mtu lakini haikuwa na habari zake yenyewe.

Equifax ilikubali mwaka 2019 kulipa hadi dola milioni 700 katika mapatano na serikali ya Marekani na majimbo. Fedha hizo ni ukuta uliojengwa baada ya ufa. Lakini mtu ambaye namba yake ya hifadhi ya jamii iliibwa hawezi kuisasisha kama programu. Ataendelea kuwa nayo, na aliyeiiba ataendelea kuwa nayo pia. Ndiyo maana ninaona kwamba daftari la vitegemewa, jambo linaloonekana dogo na la kuchosha, ni sehemu ya heshima tunayodaiwa na watu waliotukabidhi majina yao, na zaidi na wale ambao hawakuulizwa kama wanataka kutukabidhi.